Ulinzi Ukae Nyuma ya Kamera: Uchambuzi wa Kisa cha Filamu Fupi ya Wanawake Wawili, Lubumbashi

Kikundi cha watu wanne mjini Lubumbashi, Kongo, kinataka kutengeneza filamu fupi ya dakika 16 juu ya wanawake wawili wanaopendana. Mmoja ni mshonaji wa Kamalondo, mwingine anauza unga wa mahindi katika soko la Kenya, komini ya mji huohuo. Kikundi kina mwongozaji, mpiga picha, mtu wa sauti na mtayarishaji anayeshika pesa. Bajeti ni dola 4,200, siku za kupiga picha ni tano, senario (maandishi ya filamu) ina kurasa 14. Kisa ni cha mfano, kwa hiyo hakuna jina la mtu la kutafuta nyuma yake; vikwazo vyake, hata hivyo, atavitambua yeyote anayetengeneza filamu ya namna hii bila kampuni kubwa mgongoni.

Senario ya kwanza ilikuwa hivi. Wapenzi hawaonyeshwi uso hata mara moja: tunaona migongo, mikono, vivuli ukutani. Wakiambiana maneno ya mapenzi wanatumia Kifaransa; wakigombana na ndugu zao wanarudi kwenye Kiswahili. Mmoja amevalishwa jinzi na kofia ili mtazamaji ajue nani ni "bwana". Dakika ya 13 mtaa unagundua, watu 25 wanajaa kwenye parseli (kiwanja cha nyumba), na mshonaji anakufa. Kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa na sababu ileile: usalama. Uso ukifichwa, mwigizaji hatatambuliwa. Mwisho ukiwa msiba, hakuna atakayesema kwamba filamu inawatia watu moyo.

Nia ni njema, ila imewekwa pasipo mahali pake. Kumlinda mtu ni kazi ya karatasi, diski, mkataba na orodha ya wageni. Kazi hiyo ikihamishiwa ndani ya picha, hasara inakuwa mara mbili. Mwigizaji habaki salama, maana jirani anayemjua atamtambua kwa sauti, kwa mwendo, hata kwa kitenge chake. Na yule mwanamke ambaye filamu iliahidi kumleta mbele ya watu anafutwa na filamu hiyohiyo.

Sheria inagusa wapi

Kanuni ya adhabu ya Kongo haina kifungu kinachotaja mapenzi ya watu wa jinsia moja kuwa kosa. Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2006 kinasema mtu ana haki ya kuoana na mwenzi wa jinsia tofauti. Hilo linahusu ndoa, halihusu filamu. Vinavyobaki ni vifungu vya kuvunja maadili hadharani, na shida ya vifungu hivyo ni upana wake: afisa anavivuta kadiri ya mkono wake. Juu ya hapo ipo Tume ya Kitaifa ya kudhibiti nyimbo na maonyesho. Novemba 2021 tume hiyo ilipiga marufuku nyimbo za wanamuziki wa Kinshasa, likiwemo kundi la MPR, ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na mapenzi ya aina hii. Kwa hiyo mtayarishaji ana milango miwili ya kuiogopa: kupiga picha hadharani bila karatasi, na kuonyesha hadharani.

Mfano ulio karibu unatoka Nairobi, ingawa sheria ya Kenya ni kali kuliko yetu katika jambo hili. Mwaka 2014 kikundi cha NEST kilitengeneza Stories of Our Lives, filamu ya visa vitano, nyeusi na nyeupe, kwa takriban dola 15,000, kwa kamera moja ya Canon. Mwanzoni majina ya waliohusika yalifichwa. Watatu kati yao walijitaja filamu ilipoonyeshwa katika tamasha la Toronto Septemba mwaka huo. Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku, na Oktoba mtayarishaji wake alikamatwa. Shtaka lilikuwa kupiga filamu bila leseni. Halikutaja mapenzi wala busu. Mtayarishaji wa Lubumbashi na aisome habari hiyo mara mbili kabla hajazima taa kwenye nyuso za waigizaji.

Hatua inayofuata kwa kikundi chetu ni kugawa senario upya. Matukio tisa yakatengwa: matatu ya nje (sokoni, kwenye kituo cha teksi-basi, barazani penye cherehani) na sita ya ndani. Yale matatu ya nje hayana neno la mapenzi hata moja. Wahusika wanauza, wanapanda gari, wanashona. Barua ya kuomba ruhusa inataja hayo matatu, mahali na saa zake, na inaeleza filamu kwa sentensi ya kweli: maisha ya mshonaji na ya mfanyabiashara wa soko, marafiki wa karibu, katika mji wa leo. Kutaja pungufu kunaruhusiwa. Kutunga uongo, kwa mfano kuandika kwamba ni filamu ya mafunzo ya afya, ni kumkabidhi afisa kosa ambalo hakuwa nalo. Nakala tatu za barua yenye muhuri zinabaki na mtayarishaji, mpiga picha na dereva, kwa kuwa anayesimamishwa kwanza mara nyingi si mwongozaji.

Uso mweusi na ukuta mweupe

Hata kikundi kilipokubali kuonyesha nyuso, majaribio ya kwanza yalizificha tena, safari hii bila kukusudia. Chumba kilikuwa na ukuta wa krimu, taa moja ya dari, kamera kwenye oto. Kamera ya oto inapima fremu nzima: inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unageuka shimo lenye macho. Mpiga picha akasema picha ina "hali". Haikuwa na hali. Ilikuwa na kipimo kibaya.

Tatizo hili lina historia, na haikuanzia kwenye ngozi. Kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi nyingine zote zikaachwa zijitafutie. Kinyume chake kinaonekana katika Pariah, filamu ya Dee Rees, hadithi ya msichana Mweusi wa Brooklyn anayependa wasichana: mpiga picha wake, Bradford Young, alipata tuzo ya upigaji picha katika tamasha la Sundance mwaka 2011 kwa kazi ambayo sehemu kubwa yake ni usiku na ngozi nyeusi.

Marekebisho hayahitaji pesa nyingi. Kamera itoke kwenye oto: fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hertzi 50 na kasi hiyo inazuia taa za nyumbani kupepesa kwenye picha. Lenzi ifunguliwe f/2.8, ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) iwe 800 kama mahali pa kuanzia. Kipimo kichukuliwe usoni: kwenye kipimo cha mwangaza cha kamera, ambapo 0 ni weusi kamili na 100 ni weupe kamili, upande unaopata mwanga uwe kati ya asilimia 40 na 50, upande wa kivuli usishuke chini ya 20. Ukuta wa nyuma uning'inizwe kitenge cha rangi nzito, na waigizaji wasogee mbele yake mita moja na nusu hadi mbili.

Taa isielekezwe usoni moja kwa moja. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao zaidi kuliko kwa weupe, na mng'ao huchukua umbo la chanzo cha mwanga. Taa ndogo ya wazi inatoa madoa makali kwenye paji. Taa hiyohiyo ikipigwa kwenye shuka jeupe la mita mbili kwa moja na nusu, likiwa ubavuni kwa pembe ya digrii 45, inatoa mstari mpana unaofuata shavu na taya. Mafuta kidogo kwenye mfupa wa shavu yanatosha. Poda ya kukausha inaua kila kitu na kuacha rangi ya majivu. Waigizaji wetu wawili hawana ngozi sawa: kipimo kinawekwa kwa aliye mweusi zaidi, na mwenzake anakaa nusu mita mbali zaidi na shuka. Ukipima kwa mweupe zaidi, mwingine anapotea, na katika filamu ya watu wawili hiyo ni nusu ya hadithi.

Delestaji (mgao wa umeme) ya SNEL, shirika la umeme, haina huruma na ratiba. Taa ya LED ya wati 30 ikitumia betri mbili za aina ya NP-F970, zenye takriban wati-saa 47 kila moja, itawaka kwa hesabu ya karatasi saa tatu; kwa betri zilizozeeka, hesabu saa mbili. Jozi tatu za betri zinamaliza siku bila jenereta, na bila jenereta mtu wa sauti anashukuru. Jenereta ikilazimika, iwe nyuma ya nyumba ya jirani, si nyuma ya dirisha. Mvua ni adui mwingine: Novemba hadi Machi bati linaimba kuliko waigizaji, kwa hiyo siku tano zikapangwa Juni, na makoti yakawekwa kwa ajili ya asubuhi.

Mkono ulioshikwa hausemi kitu

Hapa ndipo kisa kinapokuwa na utajiri, na ndipo senario nyingi zilizoiga filamu za ng'ambo zinapoanguka.

Katika filamu ya New York au ya London, wanawake wawili wakishikana mikono barabarani mtazamaji anajua anachoangalia. Lubumbashi wanawake wanashikana mikono kutoka Katuba mpaka mjini na hakuna anayegeuza shingo. Wanasukana nywele saa nne nzima, wanalala kitanda kimoja mgeni anapokuja, wanalishana kwa mkono mmoja. Kikundi kiliondoa busu kwa tahadhari na kuweka badala yake hayo yote: kusukana, kushikana, kulala pamoja. Matokeo yalikuwa filamu ya dada wawili wanaoelewana sana. Watu sita walioonyeshwa majaribio waliulizwa swali moja tu, hawa ni nani kwa wenzao, na wanne wakasema ndugu.

Jinzi na kofia zilikuwa zimeingizwa kujaza pengo hilo. Lakini zinaleta shida tatu. Zinamfanya mmoja aonekane mwanaume wa kukodi, kana kwamba mapenzi hayasimami bila mume. Zinamweka mwigizaji hatarini njiani kwenda na kurudi. Na zinamgeuza mwanamke halisi anayevaa hivyo (maana wapo, na vazi lao ni lao) kuwa alama ya kumfundishia mtazamaji. Ikiwa mhusika angevaa jinzi kwa sababu anabeba magunia ya kilo 25 tangu alfajiri, hilo lingekuwa vazi la kazi, na lingebaki. Mwishowe liliamuliwa hivyohivyo: muuza unga anavaa suruali na fulana sokoni, kitenge nyumbani, na hakuna anayelizungumzia.

Kinachosema mapenzi katika mazingira haya ni mabadiliko, si tendo. Mshonaji anamfunga mwenzake zipu ya gauni la majaribio, mkono unabaki mgongoni sekunde tatu baada ya zipu kufika juu, mlango unagongwa, mkono unaondoka. Kushika mgongo hakukuwa na maana. Kuondoa mkono ndiko kunakosema. Mbinu hii inahitaji mambo mawili ya kiufundi. Picha isikatwe: ukikata kati ya mkono na mlango, mtazamaji anaona matukio mawili na hauoni uhusiano wake. Na sekunde zile tatu zihesabiwe kweli kwenye uhariri, kwa kuwa mhariri aliyezoea video za muziki atazifanya moja.

Bado hatukubaliani na uamuzi wa kubaki kwenye dokezo peke yake. Filamu yote ikiwa ya madokezo, anayetaka kutoona ataruhusiwa kutoona, na yule aliyekuja kujiona atatoka na njaa. Iwepo walau nafasi moja isiyo na mlango wa kutorokea. Kikundi kikairudisha katika tukio la saba, ndani, saa ya jioni: busu moja fupi na mazungumzo baada yake. Walikuwepo watu wanne tu chumbani mbali na waigizaji, simu zote zikiwa kwenye ndoo nje ya mlango, na harakati zilipangwa siku mbili kabla zikiwa na nguo zote mwilini, hatua kwa hatua, kama dansi. Mwongozaji haruhusiwi kuongeza kitu siku hiyo. Akiona upungufu, anabadilisha mahali pa kamera.

Mazungumzo yenyewe ndiyo yaliyokuwa kwa Kifaransa. Bila mtu kukusudia, senario ilikuwa imesema kwamba ugomvi ni wa kwetu na mapenzi yamekuja kwa ndege. Yalipohamishiwa kwenye Kiswahili cha Lubumbashi, yakapungua toka nusu ukurasa hadi mistari mitatu (yaya ni dada mkubwa, bukari ni ugali):

— Yaya, unakawia. Bukari bunapola.
— Njo niko nafunga mulango. Ungekula.
— Nikule na nani?

Waigizaji wakaacha kuigiza. Kifaransa kilibaki kwa mteja wa mshonaji na kwa karatasi ya mwenye nyumba, mahali ambapo Lubumbashi hukitumia kweli.

Picha ya mwaka 1958

Mwongozaji alitaka muuza unga awe na picha ya zamani ya bibi yake akiwa na rafiki yake katika kambi ya Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, picha inayodokeza kwamba mambo haya hayakuanza jana. Wazo zuri, na lina mzazi anayejulikana. Cheryl Dunye, mzaliwa wa Liberia aliyekulia Philadelphia, alipotengeneza The Watermelon Woman (1996), filamu ndefu ambayo hutajwa kuwa ya kwanza kuongozwa na mwanamke Mweusi anayependa wanawake, alitafuta wanawake wa aina yake katika historia ya sinema na hakupata kumbukumbu. Akamtunga mwigizaji wa zamani aitwaye Fae Richards, na msanii Zoe Leonard akamtengenezea albamu: picha 78 nyeusi na nyeupe na nne za rangi. Mwisho wa filamu maandishi yanakiri kwamba mtu huyo ametungwa. Mwaka 2021 filamu hiyo iliingizwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa kitaifa Marekani.

Njia ya mkato ambayo kikundi kilitaka kuifuata ilikuwa kuazima picha halisi kutoka albamu ya familia. Ikataliwe. Aliyekufa hawezi kutoa idhini, wajukuu wake wanaishi hapahapa, na kesho picha hiyo itazunguka kwenye simu ikiwa na maelezo ambayo bibi hakuyasema. Kutengeneza picha mpya kunachukua siku moja: waigizaji wawili, magauni ya kushonwa kwa mtindo wa wakati ule (mshonaji wa filamu anapata kazi ya kweli), ukuta wa matofali, mwanga wa jua la saa tisa. Ichapishwe nyeusi na nyeupe kwenye karatasi isiyong'aa, sentimita 6 kwa 9, yenye ukingo mweupe uliokatwa kwa mawimbi kama picha za miaka ile.

Kosa lilitokea kwenye mgongo wa picha. Msanifu aliandika "Lubumbashi, 1958". Mji uliitwa Élisabethville mpaka 1966, na mtazamaji mzee wa Kamalondo angeliona hilo kabla hajaona nyuso. Vilevile mwaka 1958 jina la Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi hiyo, halikuwepo. Union Minière ilichukuliwa na serikali kuanzia 1967. Na mwisho wa filamu, kwenye orodha ya majina, mstari mmoja unasema picha ya kambini imetengenezwa kwa ajili ya filamu. Kuutoa mstari huo ni kumpa mpinzani kazi rahisi: akithibitisha picha ni ya bandia, atadai wanawake nao ni wa bandia.

Kifo cha dakika ya 13

Mwongozaji alikuwa na hoja: ukatili upo, kuuficha ni uongo. Ni kweli upo. Ila senario haikuwa na dakika hata mbili za maisha kabla ya kifo, na mtu ambaye hatujamwona akiishi hawezi kufa kwenye skrini, anatolewa tu. Hoja ya pili, kwamba msiba unanunua usalama, ina ukweli mchungu ndani yake. Filamu iitwayo Rafiki, ya Wanuri Kahiu, juu ya wasichana wawili wanaopendana, ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi katika tamasha la Cannes, ilipigwa marufuku nyumbani Aprili 2018. Kwa maelezo ya Kahiu mwenyewe, bodi ilitaka abadilishe mwisho kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno, naye akakataa. Septemba mwaka huo mahakama iliondoa marufuku kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikajaa. Basi bei ya ruhusa inajulikana: ni majuto ya mhusika. Anayelipa bei hiyo mapema, kabla hajaombwa, anatengeneza filamu ya bodi kwa pesa yake mwenyewe.

Mwisho mpya: mwenye nyumba anampa mshonaji notisi ya mwezi mmoja, bila kusema sababu, akiangalia pembeni. Cherehani inapakiwa kwenye mkokoteni. Muuza unga anasukuma nyuma. Hatujui wanakwenda wapi, lakini wanakwenda wote wawili, wakibishana juu ya njia ipi ina mashimo machache. Ukatili umo, katika ile notisi, na unafanana zaidi na jinsi unavyokuja mara nyingi: kwa adabu, na risiti.

Faida nyingine ilikuwa ya fedha. Tukio la umati lilikuwa limetengewa dola 500 za chakula, usafiri na mavazi ya watu 25. Lilipofutwa, dola 300 zikawalipa washauri wawili na 200 zikawa akiba, vitu viwili ambavyo bajeti ya kwanza haikuwa navyo kabisa.

Watu, malipo, idhini

Bajeti iliyobaki ilikaa hivi: waigizaji wakuu wawili dola 300 kila mmoja, wadogo wanne 50 kila mmoja, wanakikundi wanne 250 kila mmoja, kamera na taa 450 kwa siku tano, sauti 150, chakula na usafiri 400, nyumba mbili za kupigia picha 200, diski 120, uhariri 300, maandishi ya chini kwa Kifaransa na Kiingereza 150, karatasi za ruhusa 130.

Washauri ni wanawake wanaoishi maisha yanayosimuliwa. Wanalipwa 150 kila mmoja, wanasoma senario mara mbili na kuona uhariri mara moja, na majina yao hayaandikwi popote, hata kwenye risiti. Mtayarishaji anaandika "utafiti". Wao ndio waliokataa jinzi, na ndio waliosema hakuna anayeacha simu yake wazi mezani katika nyumba kama ile. Waigizaji hawaulizwi wanampenda nani. Swali hilo lisiwepo kwenye usaili, lisiwepo kwenye gari, lisijibiwe kwa niaba yao mbele ya mwandishi wa habari.

Idhini inachukuliwa mara tatu kwa maandishi: baada ya kusoma senario nzima, baada ya kuona picha ghafi za matukio ya ndani, na baada ya uhariri wa mwisho. Kabla ya uhariri wa mwisho mwigizaji anaweza kuondoa tukio lolote lenye uso wake na malipo yake hayaguswi. Baada ya hapo haondoi tukio, ila anaweza kuweka mpaka wa mahali na muda wa kuonyeshwa. Mikataba mingi ya bure inayozunguka ina idhini moja ya mwanzo "kwa dunia nzima na milele". Mtu aliyetia saini hiyo siku ya njaa hana njia ya kurudi.

Diski na milango

Picha za 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde zinakula gigabaiti 45 kwa saa. Saa sita za picha ghafi ni 270. Diski mbili za terabaiti moja zinatosha, zote zikiwa zimefungwa kwa nenosiri kabla ya siku ya kwanza, moja kwa mtayarishaji, nyingine katika komini tofauti kwa mtu asiye mwanakikundi. Faili zisiitwe kwa jina la filamu wala la mwigizaji: S03_T07_P2 inatosha. Picha za nyuma ya pazia kwa simu zinakatazwa kabisa, kwani simu huandika mahali na saa ndani ya picha, na kundi la WhatsApp la watu kumi lina watu kumi na simu zao, pamoja na wanaozishika zikiwa chaji.

Hatari kubwa ya kuonyesha haitokani na filamu ya dakika 16. Inatokana na sekunde 20 za tukio la saba zilizokatwa na kutumwa zenyewe. Kwa sababu hiyo hakuna trela, na hakuna YouTube. Njia ya Ìfé, filamu ya Nigeria ya 2020 iliyoongozwa na Uyaiedu Ikpe-Etim na kutayarishwa na Pamela Adie, inafaa kusomwa: bodi ya udhibiti ya huko ilipotishia, wenye filamu waliipitisha kwenye jukwaa lao wenyewe la intaneti kwa watazamaji wanaolipa, bila kupitia kumbi.

Kwa kikundi cha Lubumbashi mpangilio ulikuwa onyesho la kwanza la wageni 22, kila mmoja akiitwa kwa sauti na si kwa ujumbe, mahali pakitajwa saa tatu kabla, simu kwenye ndoo ileile. Baada ya onyesho hilo mwigizaji wa muuza unga alitumia kifungu chake: filamu isionyeshwe Haut-Katanga, mkoa wa Lubumbashi, kwa miezi 24. Mwongozaji alijaribu kubembeleza. Mtayarishaji alimkumbusha saini. Linalouma ni kwamba waliohusika zaidi na filamu ndio wanaofungiwa, na hakuna ufundi unaoliondoa hilo. Nje ya mkoa onyesho la watu kumi hadi ishirini linafanywa kwa kompyuta inayobebwa na mwanakikundi, anayekuja nayo na kuondoka nayo, bila nakala kuachwa hata kwa mwenyeji anayeaminika.

Kwa tamasha za nje, mkataba unaongezwa vifungu vinne: hakuna picha ya uso kwenye tovuti wala kwenye kijitabu, majina ni ya kisanii, hakuna kipande cha video kwa vyombo vya habari, na onyesho la mtandaoni, likiwepo, lifungwe kwa nchi ya tamasha, lidumu saa 72, na kila nakala iwe na alama ya jina la mtazamaji juu ya picha. Baadhi ya tamasha hukataa kifungu cha kwanza kwa kuwa zinataka bango lenye nyuso. Kikundi kinatuma picha ya cherehani ikiwa juu ya mkokoteni. Ikikataliwa, ada ya kuingia inaelekezwa kwa tamasha linalofuata kwenye orodha.